Mashine ya Mabaki Isiwashwe Kikatiti Bila Kinga

Ndugu zangu wa Kikatiti, wenye meza sokoni, mama lishe, wafugaji, wenye hoteli kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi, mafundi na viongozi wetu wa vijiji na vitongoji: nina ombi kwenu kuhusu mashine za kukatakata na kuozesha mabaki ya chakula.

Mashine hizi nazitaka. Nyanya zilizopondeka, maganda ya ndizi, ukoko wa ugali na kabichi zilizonyauka zinaoza bure huku migomba na kahawa yetu ikidai mbolea. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, imejenga kiwanda Mabwepande kinachogeuza taka za masoko kuwa mboji. Sisi tunaweza kuanza na mashine moja nyuma ya soko au jikoni kwa shule. Ila kabla haijawashwa, tukubaliane kwamba hakuna mashine ya namna hiyo itakayofanya kazi katika kata yetu visu na mkanda vikiwa wazi, wala itakayoguswa ndani kabla haijakatiwa umeme.

Hatari yenyewe tunaijua. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe imeenea huku kwetu Meru, na aliyeitumia anajua inavyokwama. Ukiingiza mgomba mbichi, nyuzi zake hazikatiki zote. Zinajizungusha kwenye shafti, visu vinapunguza mwendo, mkanda unateleza na kutoa harufu ya mpira ulioungua. Mtu anakunja mkono wa shati, anazivuta. Hapo ndipo vidole vinapokwenda. Mashine ya mabaki ya chakula inakwama vivyo hivyo, na ina utelezi zaidi. Tena ndani yake mnaweza kuwa na chochote kilichotupwa na mteja: mfupa, kijiko, kamba ya katani. Ndiyo maana mabaki yachambuliwe mezani kwanza, na yasukumwe kwa kijiti kirefu cha mbao, kamwe si kwa mkono. Kanga, kitenge, skafu na mikono mipana ya nguo visikaribie mkanda. Na mtoto asitumwe kulisha mashine, hata kwa dakika tano.

Niseme zaidi kuhusu umeme, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Umeme ukikatika, mashine inasimama na kila mtu anaiona salama. Fundi anafungua kifuniko, anaingiza mkono kuondoa kilichonasa. Swichi bado iko chini, imewashwa. Umeme ukirudi, visu vinazunguka hapo hapo, havisubiri mtu autoe mkono. Kwa hiyo umeme ukikatika, kazi ya kwanza ni kuzima swichi na kuchomoa plagi, na aliyeichomoa akae nayo mkononi au mfukoni mpaka mwenzake amalize. Kama ni swichi kubwa ya ukutani, ipigwe kufuli na ufunguo abaki nao yule anayeingiza mkono ndani ya mashine. Ya petroli ichomolewe waya wa plagi ya injini. Kufuli si gharama ya kumshinda mtu aliyenunua mashine.

Kisha kuna shimo au tangi la kuozeshea. Mabaki yanayooza bila hewa hutoa gesi, na mojawapo inanuka kama mayai viza. Ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu huanguka. Mwenzake anayemfuata chini kumwokoa huanguka juu yake. Asishuke mtu. Mwiteni kwa sauti, mshushieni kamba, iteni msaada, na shimo liwe na kifuniko siku zote.

Lundo la mboji likiwa linafanya kazi vizuri hufika nyuzi joto 55 mpaka 65, kwa hiyo mvuke wake unaunguza. Likikauka na kugeuzwa, linatoa vumbi lenye vimelea vya ukungu vinavyoumiza mapafu. Australia, mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari waligundua bakteria wa homa kali ya mapafu kwenye udongo wa kupandia maua uliotengenezwa kwa mboji. Linyunyizieni maji kabla ya kuligeuza, vaeni barakoa, naweni mikono kabla ya kula.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inamwajibisha kwanza mwajiri. Mwenye mashine ndiye wa kununua kinga, glavu na buti, na ndiye wa kumfundisha mtu kabla ya kumkabidhi. Kibarua wa siku ambaye jina lake halikuandikwa popote atahangaika sana kudai fidia akiumia. Basi majina yaandikwe.

Msaada nao hauko mbali. CAMARTEC, chombo cha taifa cha zana za kilimo, kiko Arusha mjini, na TEMDO, inayobuni mitambo, iko hapo hapo. Mwenye kutaka kununua apeleke swali lake huko kabla ya kupeleka pesa dukani. Mafundi wetu wa kuchomelea nao wanaweza kutengeneza wavu wa kufunika mkanda na mdomo mrefu wa kulishia ambao mkono haufiki kwenye visu.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Naomba wenyeviti waliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao: kila mwenye mashine ajulikane, kamati ya watu wachache iteuliwe kuzikagua, na washili wetu wa kimila na viongozi wa dini walitangaze. Vijana wanaozilisha mashine hizo waitwe wazungumze, maana wao ndio wanaojua inapokwama.

Aliye na mashine ambayo kifuniko chake kilishapotea asingoje mkutano. Aizime leo, aipeleke kwa fundi, na asiiwashe tena mpaka ifungwe wavu.