Kamera kubwa kuukuu au kamera ndogo ya zumu ndefu? Mimi nishachagua



Kuna suali linanijia inboksi kila baada ya siku mbili tatu. Linakuja hivi: "Nimekusanya laki sita. Nimeletewa kamera mbili, zote zimetumika. Moja kubwa ya kitaalamu, ya zamani. Nyengine ndogo inaingia mfukoni, zumu yake mara 40. Nichukue ipi?" Wanaouliza wengi wanauza kofia, mikoba ya ukili, madira, manukato na viungo. Wanapiga picha nyumbani, wanaweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, mzigo unapanda boti Mkoani au Wete.

Leo najibu mara moja kwa wote. Bidhaa yako ikiwa inakaa mezani, chukua kubwa kuukuu. Biashara yako ikiwa inatembea au iko mbali na wewe, chukua ndogo. Na ikiwa hujawahi kuipiga bidhaa yako picha pembeni ya dirisha kwa simu uliyonayo, usichukue hata moja. Pesa hiyo kaongezee mtaji.

Sasa niseme kwa nini, maana najua wapo watakaobisha.

KOFIA ILIYONIFUNZA

Mimi nauza kofia za mkono. Kofia moja ya viua mshonaji anaweza kukaa nayo wiki na wiki, sindano moja moja, usiku akishamaliza kazi za nyumba. Niliwahi kumtumia picha mteja wa Maskati. Nimepiga ndani, jioni, taa imewaka. Uzi kwenye picha ulionekana mweusi, na nyeupe ya kofia ikatoka kijivu kama imefuliwa na nguo ya rangi. Mteja akaagiza akijua uzi ni mweusi. Kofia ilipofika, uzi kahawia. Hakuna aliyedanganya hapo, lakini mteja aliona kadanganywa.

Nikarudisha pesa. Kofia nikaja kuiuza kwa bei ya chini. Na aliyeumia zaidi si mimi, ni yule mama aliyeshona, kwa sababu kofia ya pili nilimlipa pungufu ili nifidie hasara yangu. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Ndo maana suala la kamera kwangu si la kuonekana mjanja. Picha mbaya inashusha bei ya kazi ya mkono wa mtu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema kweli, lakini zama zao mnunuzi alikuwa anakishika kitu mkononi. Mteja wa mtandaoni anashika picha tu.

KWA NINI KUUKUU INASHINDA MEZANI

Tuchukue mifano inayojulikana. Kwenye kubwa za zamani kuna Canon EOS 5D ya mwaka 2005 na Nikon D700 ya 2008. Zote zilikuwa kamera za watu wa kazi, na zote zina megapikseli 12 na kidogo. Kwenye ndogo kuna Canon PowerShot SX740 HS ya 2018, megapikseli 20, zumu mara 40, uzito gramu 300 hivi.

Mtu akisikia 20 na 12 anakimbilia 20. Subiri. Instagram inaionesha picha yako kwa upana wa pikseli 1080 hivi, na WhatsApp inaibana. Picha ya D700 ina upana wa pikseli 4256. Hiyo 12 inatosha na inabaki. Unaweza hata kukata kipande cha katikati ukaonesha viua peke yake.

Cha kuangalia ni sensa, kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga. Kwenye hizo kubwa mbili sensa ni milimita 36 kwa 24. Kwenye ile ndogo ni milimita 6 na kidogo kwa 4 na nusu hivi. Eneo lake linatofautiana kama mara 30. Weka beseni na kikombe cha kahawa uani mvua ya masika ikinyesha, halafu uone kipi kimekusanya maji. Mwanga ni vivyo hivyo. Nyumba zetu nyingi dirisha ni moja na dogo, na nje kuna mwembe unazuia jua. Kwenye mwanga wa namna hiyo kamera ndogo inalazimika kujikaza, na picha inatoka na chenga chenga. Uzi unaonekana kama umetafunwa. Kubwa, hata ikiwa na miaka 15, inatulia.

La pili ni rangi. Hizi kubwa zinaweza kuhifadhi picha ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaipika. Ukikosea rangi, unairekebisha baadaye kwenye kompyuta bila kuiharibu. SX740 haina picha ghafi, inakupa iliyopikwa tayari. Kwa anayeuza viungo labda si neno. Kwa anayeuza kitambaa, uzi na kofia, rangi ndo biashara yenyewe.

La tatu ni lenzi. Kubwa unaifunga lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo Canon na Nikon wote wanayo, na ni miongoni mwa lenzi zao za bei ya chini. Lenzi hiyo haiivutivuti kofia ikaonekana imevimba. Ila sikiliza, hapa wengi wanakosea: usipige kofia kwa f/1.8. Utapata kiua kimoja mbele kimekaa sawa na nyuma kote ukungu. Weka f/8, kamera ikae kwenye stendi, tumia saa ya kuhesabu ya sekunde 2 ili mkono usiitikise.

NDOGO NAYO INA HAKI YAKE

Nisije nikaonekana naiponda. Iko siku nimeazima ndogo ya binamu yangu na nilitamani nisiirudishe.

Kwanza, ina Wi-Fi. Unapiga, picha inaingia kwenye simu, unaweka stetasi hapo hapo. Zile kubwa mbili hazina. Zinatumia memori kadi pana za zamani, na itabidi uwe na kisoma kadi na kiunganishi cha simu. Ukisahau kimoja, kazi imelala.

Pili, video. 5D ya kwanza na D700 hazirekodi video kabisa. Ndogo inarekodi mpaka 4K. Ukichukua kubwa, video zako utapiga kwa simu, ukubali tu. Kama unataka kubwa yenye video, tafuta Canon 5D Mark II ya 2008, hiyo inarekodi.

Tatu, vitu vidogo. SX740 inaweza kusogea mpaka sentimita 1 kutoka kwenye kitu. Lenzi ya 50 inataka ukae nyuma sentimita 35 au 45. Anayeuza hereni, pete na vikuku, ndogo itamfaa, ila ajihadhari na kivuli cha kamera yenyewe.

Nne, na hapa ndo uwanja wake: mbali. Ndugu yangu unayepeleka wageni Kidike kuangalia popo wa Pemba, popo ambao hawapatikani pengine duniani, wale wananing'inia juu ya mti. Unayeuza safari za Misali, au za msitu wa Ngezi. Unayepiga mchezo wa ng'ombe na hutaki kuwa karibu na pembe. Unayetaka kumuonesha mteja akina mama wa mwani maji yakipwa, wao wako kule na wewe uko huku. Kwa kamera kubwa, kufika kule inakofika zumu ya mara 40 utahitaji lenzi ya bei ya kiwanja, na mzigo wa kubeba begani. Ndogo inafika ikiwa mfukoni. Hapo sibishani na mtu.

Lakini wewe wa kofia na mkoba, kitu chako kiko mita moja mbele yako. Zumu ya mara 40 unaivutia nini? Ni sawa na kununua mtumbwi wa kwenda Kojani na wewe unakwenda kisimani.

Na kama tayari unayo ndogo, usiiuze kwa maneno yangu. Fanya hivi: usiisogeze karibu na kofia ukiwa kwenye upana wa mwanzo, itaivimbisha. Rudi nyuma mita mbili, vuta zumu mara 3 au 4, iweke kwenye stendi. Umbo litakaa sawa.

KABLA HUJATOA PESA

Rahisi ni ghali, haswa kwenye vitu vilivyotumika. Ukiiona kubwa kuukuu, kagua haya:

1. Shata imepiga mara ngapi. 5D ilitengenezwa kwa makadirio ya mara 100,000, D700 mara 150,000. Iliyokaribia hapo ni mzee anayepumua kwa mashaka. Muuzaji akikataa kukuonesha, ondoka.

2. Lenzi. Mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Visiwani kuvu haina huruma, achana nayo.

3. Tundu la memori kadi. Ndani kuna sindano nyembamba. Moja ikipinda, kadi haisomi.

4. Betri. Piga picha 20 hapo hapo. Ikishuka haraka, hesabu betri mpya kwenye bei.

Kwa ndogo: iwashe na uizime mara kumi. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza. Mchanga wa pwani ukiingia kwenye ule mkonga wa lenzi, kamera inakwama, na lenzi yake haibadilishwi kama ya kubwa. Lenzi ikifa, kamera imekufa.

Yoyote utakayochukua, ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitie mchele, unatoa vumbi.

HESABU YENYEWE

Tuseme kofia moja, ukishamlipa mshonaji na nauli ya boti, inakuachia elfu 15. Laki sita ni faida ya kofia 40. Na si kofia 40 ambazo ungeuza tu hata bila kamera. Ni kofia 40 za ziada, zilizonunuliwa kwa sababu ya picha. Au tuseme picha nzuri inakuzuia kupunguziwa elfu 10 kwa kila kofia, basi ni kofia 60 ndo kamera imejilipa. Ukiuza nne kwa mwezi, hiyo ni miezi 15. Unaweza kusubiri? Kama hapana, jibu umeshalipata.

Kwa hiyo kabla ya yote, jaribu hili kesho asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne. Meza pembeni ya dirisha, taa zimezimwa ili rangi zisichanganyike. Shuka jeupe nyuma, kadibodi nyeupe upande wa pili wa dirisha irudishe mwanga. Ukipiga kitu cheupe, ongeza mwanga kidogo kwenye alama ya + na −, kwa sababu kamera zote hudhani nyeupe ni kijivu na kuitia giza. Simu yako nayo inaweza: gusa skrini, vuta juu au pembeni. Kisha mpe jirani picha mkono mmoja na kofia mkono wa pili, umuulize, "Rangi ni hii hii?" Akisema ndio, huna haja ya laki sita bado.

Watu wataniambia mchagua jembe si mkulima. Nakubali. Lakini mkulima naye anajua jembe la kupalilia si la kuchimbia kisima. Mimi kwa meza yangu nimechagua kubwa kuukuu. Ni nzito, haina Wi-Fi, na kijana wangu anaicheka. Lakini tangu nianze kuitumia, uzi wa kahawia unafika Maskati ukiwa wa kahawia. Na yule mama nimerudi kumlipa bei yake.

Wewe unauza nini na unapigia nini? Niandikie hapo chini, na ukiweza weka picha yako moja tuitazame pamoja. Na kama kuna mwenzako ameshika laki sita mkononi sasa hivi anataka kutoa, mtumie hii kabla hajaitoa.