Kadi Bila Mlango Haiponyi

Wengi wetu hapa shuleni ni watoto wa watumishi wa Serikali: walimu, wauguzi, makarani na askari. Nyumbani mwetu imo kadi ya bima ya afya, na kwa kuwa imo, twajiona tumekwisha salimika. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka Machi 2024.

Bibi yangu mzaa mama ana shinikizo la damu. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, naye amemwandikisha bibi katika bima yake, kama mwanachama anavyoruhusiwa kuwaandikisha wazazi wake. Asubuhi moja bibi aliamka kichwa chamgonga na miguu imevimba. Tukampeleka hospitali moja ya watu binafsi iliyo karibu nasi, ambako siku zote alipokewa. Karani wa dirishani akaitazama kadi, akairudisha, akasema, "Samahani mama, kadi hii hatuipokei tena. Kama mna fedha taslimu, karibuni." Fedha hatukuwa nazo. Tukapanda daladala mbili hadi hospitali ya wilaya, bibi ameniegemea begani, na alipoonwa na daktari jua lilikuwa limekwisha pinduka. Alhamdulillahi, alipata nafuu. Lakini nilijiuliza: je, angalikuwa na ugonjwa usiongoja?

Chanzo chake kilijulikana. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulitoa bei mpya za matibabu, zikaanza tarehe 1 Machi 2024. Hospitali binafsi nyingi zikasema bei hizo hazilipi gharama zao, zikatangaza kwamba hazitawapokea wanachama. Mfuko ukazitetea bei zake. Baadaye wakazungumza, na huduma zikarejea. Lakini wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

Sithubutu kuhukumu nani alikuwa na haki. Daktari hawezi kununua dawa kwa maneno matupu. Mfuko nao hauna budi kulinda fedha za wanachama, maana wako watoa huduma wanaodai malipo ya dawa ambazo mgonjwa hakupewa, na wako wanachama wanaowaazima jirani kadi zao. Lakini neno moja nalisema bila hofu: mgonjwa asiwe wa mwisho kupata habari.

Tufanye hesabu. Mtumishi wa Serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 700,000 hukatwa shilingi 21,000 kila mwezi. Pamoja na za mwajiri ni 42,000, na kwa mwaka 504,000. Fedha hizo hulipwa kabla ya ugonjwa, kwa ahadi ya kutibiwa. Ahadi ni deni. Nalo jambo hili si la watumishi peke yao, kwani Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, yataka kila mkazi awe na bima. Kadi zikiongezeka na milango isiongezeke, foleni ndizo zitakazoongezeka.

Basi yafaa nini? Kwanza, kila hospitali iandike langoni, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, bima inazozipokea. Ikitaka kuacha kuipokea mojawapo, itoe habari mapema, wala si siku mgonjwa amekwisha fika dirishani. Pili, orodha ya vituo vinavyopokea kadi ibandikwe katika ofisi za kata na katika mbao za matangazo za shule, ikisahihishwa kila muhula. Tatu, Serikali ihimize madai ya haki yalipwe kwa wakati, na ya uongo yaadhibiwe.

Nasi tunao wajibu. Wazazi, ulizeni mkiwa wazima: kituo gani kitatupokea usiku, na dawa tutazichukua wapi? Anzeni zahanati au kituo cha afya, mpate barua ya rufaa, kwani hospitali kubwa huitaka isipokuwa kwa dharura. Msitie sahihi wala kidole katika karatasi ya matibabu kabla ya kuisoma. Na sisi wanafunzi tuwasomee babu na bibi zetu wasiojua kusoma. Elimu isiyomfaa mzee wa nyumbani ni elimu gani?

Tangu siku ile nimeandika vituo vitatu nyuma ya mlango wa chumba cha bibi, na kila likizo naenda kuuliza kama bado vyapokea kadi. Kazi hiyo yanichukua asubuhi moja tu. Msomaji, je, wewe wajua mlango utakaofunguliwa leo usiku, mama yako akiugua?

Mwanafunzi, Kidato cha IV