Utafiti wa afya ya akili: Mwananchi asibaki kuwa namba tu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MALARIA huonekana kwa hadubini. Kifua kikuu hupatikana katika makohozi, na kisukari hupimwa kwa tone la damu. Lakini hadi leo hakuna kipimo cha damu wala cha picha kinachoweza kumthibitishia daktari kwamba mtu aliyeketi mbele yake anaugua sonona.

Ugonjwa huo hujulikana kwa mazungumzo. Mgonjwa husimulia, mtaalamu huuliza, na kutokana na majibu ndipo uamuzi hufikiwa. Katika afya ya akili, swali ndilo hadubini.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala la ushiriki wa wananchi katika utafiti wa maradhi haya. Swali likitungwa vibaya, au likiulizwa kwa maneno ambayo mwenye maradhi hayatumii, mgonjwa hataonekana. Asipoonekana hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatengewi bajeti, dawa wala muuguzi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani, sawa na mtu mmoja kati ya kila wanane, walikuwa wakiishi na tatizo la afya ya akili. Sonona na wasiwasi uliopitiliza ndiyo yaliyokuwa matatizo ya kawaida zaidi.

Makadirio ya namna hiyo hutegemea tafiti, na tafiti hutegemea madodoso. Dodoso linalotumika sana kupima sonona, lijulikanalo kwa kifupi kama PHQ-9, lina maswali tisa na liliandaliwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Limekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio Kenya na Tanzania.

Hata hivyo, kutafsiri maneno ni jambo moja na kufikia maana ni jambo jingine. Mkazi wa Manzese au wa Mvita aliyeelemewa na nafsi yake ni nadra kusema kwamba ana sonona. Atasema anawaza sana, moyo unamwenda mbio, kichwa ni kizito au usingizi umemruka. Mtafiti asiyeyajua maneno hayo anaweza kumhoji saa nzima kisha akaandika kwamba hana tatizo.

Ushahidi wa Dar es Salaam

Watafiti wa hapa nchini waliliona jambo hilo mapema. Mwaka 2002, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya kulipima dodoso la kigeni lenye maswali 25 kwa wajawazito wanaoishi na virusi vya Ukimwi jijini Dar es Salaam, ili kujua kama linafaa katika mazingira yetu.

Hawakuishia hapo. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya dodoso jingine la maswali 19, ambalo halikuletwa kutoka nje. Lilijengwa hapa hapa, kwa kuzingatia namna watu wa hapa wanavyoyaeleza mateso ya nafsi.

Utafiti mwingine uliofanyika katika jiji hilo, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili, ulilinganisha wagonjwa waliokwenda katika vituo vya afya na wale waliokwenda kwa waganga wa jadi. Katika vituo vya afya, asilimia 24 ya wagonjwa walikuwa na matatizo ya kawaida ya afya ya akili. Kwa waganga wa jadi ilikuwa asilimia 48.

Maana ya tofauti hiyo ni nzito. Anayepanga huduma kwa kutazama madaftari ya zahanati pekee ataliona tatizo kwa ukubwa mdogo kuliko ulivyo. Lakini mkazi yeyote wa mtaani angeweza kumwambia mapema kwamba mtu aliyezidiwa na mawazo aghalabu huanzia kwa mganga, kwa shehe au kwa mchungaji kabla ya kumfikia daktari. Maarifa hayo wananchi wanayo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuwauliza kabla utafiti haujapangwa.

Bibi na benchi

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya wananchi unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kufanya kazi na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, jijini Harare. Nchi hiyo ilikuwa na madaktari wachache mno wa fani yake, na majengo ya zahanati hayakuwa na nafasi. Ikaamuliwa kwamba mazungumzo yafanyike nje, juu ya benchi.

Kwa mujibu wa simulizi za Dk. Chibanda, mwanzoni benchi hilo lilibeba jina lenye kutaja afya ya akili, na watu wakalikwepa. Bibi hao ndio waliopendekeza liitwe Benchi la Urafiki. Ndio pia walioleta lugha ya kazi hiyo kutoka katika Kishona cha kila siku, wakisema juu ya kuifungua akili, kumwinua mtu na kumtia nguvu. Neno walilolitumia kwa ugonjwa wenyewe ni kufungisisa, ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuielewa maana hiyo.

Kisha likaja jaribio la kisayansi. Watu 573 katika zahanati 24 za Harare waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, na jingine likaketi na wahudumu wa benchi. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la kwanza walikuwa karibu asilimia 50, wakati katika kundi la benchi walikuwa chini ya asilimia 14.

Kama bibi hao wangechukuliwa kuwa wahojiwa tu, sayansi ingepata majibu yao na kukosa akili yao. Jina, lugha na namna ya kuzungumza, ambavyo ndivyo vilivyowafanya wagonjwa waje na kurudi tena, vilitoka kwao.

Ridhaa si sahihi tu

Upande wa pili wa ushiriki ni haki. Tafiti za vinasaba zinaonyesha ugumu wake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulibainisha kuwa asilimia 78 ya watu walioshiriki katika tafiti za vinasaba vya maradhi duniani walikuwa na asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa asilimia mbili tu. Dawa za kesho zinazotokana na tafiti hizo zinaweza kutufaa kidogo kama hatumo ndani yake.

Ili kupunguza pengo hilo, mradi uitwao NeuroGAP-Psychosis ulipangwa kuwafikia watu zaidi ya 34,000 katika nchi za Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, nusu wakiwa na maradhi mazito ya akili kama skizofrenia na nusu wasiokuwa nayo. Kwa Kenya, vituo vyake vilikuwa Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret na kituo cha utafiti cha Kilifi. Washiriki walitoa mate kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba.

Je, mtu mwenye skizofrenia anaweza kutoa ridhaa? Mradi huo haukulijibu swali hilo kwa kudhani. Kila mtu aliulizwa maswali ya kupima kama ameelewa utafiti unahusu nini, hatari zake ni zipi na kwamba ana hiari ya kukataa. Asiyeelewa alielezwa tena. Aliyeendelea kutoelewa hakuandikishwa.

Huo ni mwendo wa kuigwa, kwa sababu katika jamii zetu makosa huwa ya aina mbili. Ama ndugu humjibia mgonjwa kana kwamba hana kauli, ama mgonjwa hutia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua kwa sababu aliyeileta amevaa koti jeupe.

Sheria na kanuni zimeanza kulitambua hilo. Azimio la Helsinki, ambalo ndilo mwongozo mkuu wa maadili ya utafiti wa tiba tangu mwaka 1964, lilifanyiwa marekebisho Oktoba 2024. Sasa linawaita wanaofanyiwa utafiti washiriki, na linawataka watafiti kushirikiana nao pamoja na jamii zao kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

Lakini ipo sheria nyingine inayovuta upande tofauti. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo, cha 226, kinakiuka katiba. Mtafiti anayemuuliza mtu kama amewahi kujaribu kujitoa uhai anamtaka akiri kosa mbele ya mgeni mwenye kalamu. Ni wangapi watasema kweli? Anayetaka takwimu sahihi za kujiua hana budi kulitazama na hilo.

Mwananchi afanye nini

Jambo la kwanza ni kuuliza. Utafiti wa afya nchini Tanzania hauruhusiwi kuanza bila idhini ya kimaadili, na kamati ya kitaifa ipo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Watafiti hupitia uongozi wa mkoa, wilaya, kata na mtaa. Mkazi ana haki ya kumwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa amwonyeshe kibali hicho. Anaweza pia kumuuliza mtafiti mwenyewe: nani anagharimia, majibu yangu yatahifadhiwa wapi, nani atayasoma, naweza kujitoa lini, na nikionekana mgonjwa mtanipeleka wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Utafiti unaogundua kwamba mtu anafikiria kujiua kisha ukamwacha arudi nyumbani na soda mkononi haustahili kuitwa utafiti wa afya.

Jambo la pili ni kujipanga. Huko Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa na wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wakazi wenyewe, ambao hukutana na watafiti na kuwafikishia hoja na manung'uniko ya vijiji. Kenya pia ina chama cha watu waliowahi kutumia huduma za magonjwa ya akili, ambacho hudai nafasi katika meza za maamuzi. Miji yetu ina vikoba, jumuiya za dini na vyama vya wazazi. Haviwezi kukosa watu wa kukaa katika kamati za namna hiyo.

Jambo la tatu ni kusema. Tume ya jarida la Lancet kuhusu unyanyapaa, iliyotoa ripoti mwaka 2022, iliongozwa na Profesa Graham Thornicroft wa Uingereza pamoja na Charlene Sunkel wa Afrika Kusini, ambaye mwenyewe anaishi na skizofrenia. Ripoti hiyo ilihitimisha kwamba njia yenye nguvu kuliko zote ya kupunguza unyanyapaa ni kuwakutanisha watu na wale walioyapitia maradhi hayo. Katika nchi ambayo jina la Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, bado hutumika vijiweni kama tusi, fundisho hilo si dogo.

Wapo watakaosema kwamba ushiriki huu ni gharama na unachelewesha kazi. Wengine watahofia kwamba utageuka kuwa mikutano ya posho, ambako wananchi huitwa siku ya mwisho kupiga makofi na kupigwa picha. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake ni kuwaita mapema, wakati swali bado linatungwa, na kuwarudishia majibu baadaye kwa lugha wanayoielewa. Ripoti iliyofungiwa katika jarida la Kiingereza lisilosomeka bila malipo haijamrudia mama wa Temeke aliyeitolea majibu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu anajua kupima urefu wa kitanda hicho na kuhesabu mbao zake. Anayekilalia ndiye anayejua kinapouma, na bila yeye hesabu hiyo haitakamilika.