Sayansi ya Mwangwi Ifundishwe kwa Kiswahili

Gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri kivukoni Likoni, Septemba 29, 2019, jamaa walingoja siku 13 kabla ya kuopolewa kwake. Katika kina cha mita 58 hivi, macho ya mpiga mbizi hayafui dafu. Hapo ndipo sonari hufaa: hutoa sauti, husikiliza mwangwi, kisha huchora umbo la kitu kilichozama. Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kufika kina hicho na kurudi haimalizi hata sehemu ya kumi ya sekunde. Walimu wenzangu, mwanafunzi hulikariri neno sonari ilhali mwangwi anaujua tangu utotoni. Tuanzie hapo. Atakayekiendesha chombo hicho kesho sharti akielewe leo.