Makanisa ya kale yachorwe



Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu juu ya makanisa ya kale ya misheni katika Mkoa wetu wa Pwani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Yaani kwa miaka mitano tu, majengo yake hayapati ulinzi huo mpaka yatangazwe rasmi. Na huku ukuta wa kale wa mawe ya matumbawe ukipata ufa, mara nyingi fundi huupiga plasta ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukaharibika pole pole. Chokaa ya mafundi wa zamani iliuachia unyevu njia ya kutoka.

Shauri langu ni kwamba walimu wa sanaa wa Kibaha, Kisarawe na Bagamoyo wawapeleke wanafunzi kuyachora makanisa hayo kwa rangi za maji. Mwenye kamera hubonyeza akaenda zake. Mchoraji hukaa kitako akihesabu matao. Atauona ufa na atajua chokaa imebanduka wapi. Tena rangi za maji zinazifaa kuta hizi, kwani weupe wake haupakwi kwa brashi, huachwa karatasi yenyewe. Ila waanze asubuhi. Jua likipanda, rangi hukauka kabla haijatandaa.

Waanze na mnara wa kanisa la kwanza la Bagamoyo, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Walimu wa kuwasaidia wapo pale pale TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa.

Wapo watakaosema hayo ni majengo ya Wazungu, yanatuhusu nini? Siafikiani nao, na mimi ni Mwislamu. Misheni ile ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na matumbawe ni ya bahari yetu.

Kila mchoro uandikwe tarehe na jina la kanisa. Mmoja ubaki shuleni, mwingine upelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale. Karatasi na kisanduku cha rangi si gharama ya kuishinda kamati ya shule.

Msomaji wako,
Mbwawa, Kibaha.