Mazoezi ya mtoto nyumbani: simu inasaidia wapi?

Mei 2023, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilikubaliana kuimarisha huduma za utengamao, yakiwemo mazoezi tiba. WHO inakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wangenufaika na huduma hizi. Kwako mama au mlezi wa Mlimba, Malinyi au Mang'ula, swali liko karibu zaidi: mtoto wako mwenye mtindio wa ubongo atafanyaje mazoezi siku ambazo huwezi kufika kliniki Ifakara?

Siku hizo ni nyingi. Daraja la Mto Kilombero limeondoa adha ya kivuko, lakini nauli bado inahitajika, kilimo cha mpunga huzipeleka familia shambani, na mvua za masika huharibu barabara, kama ilivyokuwa Aprili 2024. Mtoto asiponyooshwa na kukalishwa vizuri mara kwa mara, viungo vinaweza kukakamaa, na kuvirudisha ni kazi ngumu.

Hapo simu inasaidia. Ila kuwa makini na video za mtandaoni: watoto hawa hawafanani. Mmoja misuli imekaza, mwingine imelegea. Zoezi linalomfaa mmoja linaweza kumuumiza mwingine.

Video bora ni ya mtoto wako mwenyewe. Ukiwa kliniki:

- Omba ruhusa umrekodi mtaalamu akimfanyisha mtoto zoezi, huku akitaja idadi na muda.
- Kisha lifanye wewe mbele yake, akurekebishe.
- Hifadhi video kwenye simu. Utaitazama bila bando.
- Kama una simu ya kitochi, omba akuchoree mazoezi kwenye karatasi na mpange siku ya kupigiana.
- Usiitume video kwenye makundi. Mtoto ana haki ya faragha.

Acha zoezi na uwasiliane na mtaalamu mtoto akilia kwa maumivu au kiungo kikivimba. Akipata degedege au akipumua kwa shida, mwahishe kituo cha afya.

Simu haiwezi kuhisi msuli unavyokaza. Mkono wa mtaalamu unaweza. Kwa hiyo usiache tarehe ya kliniki. Na kabla hujaondoka, uliza: "Nikituma video, nani ataitazama na kunijibu?" Makubaliano ya 2023 yatakuwa na maana kwako pale swali hilo litakapopata jibu.