Cheti cha Uuguzi Si Adhabu

Kila mwaka bodi ya mitihani ya Uganda, UNEB, ikishatangaza matokeo ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, maboma mengi ya Ayivu, hapa Arua, huitisha kikao. Binti alitaka uuguzi. Biolojia amepata D, kemia E, na somo la tatu afadhali lisitajwe. Mjomba aliyewahi kukaa mjini ndiye anayefungua mjadala: kuna chuo kikuu cha binafsi huko Kampala kisichouliza maswali mengi, tuuze kile kipande cha shamba karibu na mto, mtoto akasome digrii. Shangazi anaona arudie S.6. Mwishowe mtu wa pembeni, aghalabu mwalimu mstaafu, anasema shule za uuguzi zipo hapahapa, Kuluva na Arua, aanze na cheti. Wote wananyamaza na kumtazama kama aliyeuliza bei ya jeneza mgonjwa akiwa bado anapumua.

Mimi nasema huyo mwalimu ndiye mwenye akili kikaoni.

Imani inayomnyamazisha ni kwamba cheti cha uuguzi ni pipa la walioanguka, na kwamba aliyeanzia hapo ndipo atakapozeekea. Wazazi wanaiamini, walimu wakuu wanaiamini, na kibaya zaidi baadhi ya wauguzi wenyewe wanaiamini. Ni imani ghali. Imewagharimu watu wa hapa mashamba, mbuzi na fedha za tumbaku kwa miaka mingi, na mara nyingi imewarudishia kijana wa miaka 22 asiye na digrii, asiye na cheti na asiye na leseni ya kumchoma mtu sindano.

Digrii ya kwanza ya uuguzi nchini Uganda ilianza Makerere mwaka 1993. Kabla ya hapo, tangu mmisionari Katharine Cook alipoanza kuwafundisha wakunga Namirembe mwishoni mwa miaka ya 1910, nchi hii iliuguzwa na kuzalishwa na watu ambao leo tungesema hawana vigezo. Kila mzee anayetikisa kichwa kikaoni alipokewa duniani na mmoja wao, kama hakupokewa na nyanya yake.

Nenda usiku kwenye kituo cha afya cha daraja la tatu, kile cha kata. Daktari hayupo. Mama ameletwa na boda, mtoto amekakamaa kwa malaria. Sista anamweka kwenye mizani: kilo 12. Artesuneti kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo 36. Kichupa kina miligramu 60 za unga. Akishauchanganya inavyotakiwa, kila mililita inabeba 10. Anavuta karibu mililita 4, anaichoma polepole, anaandika saa, kwa sababu dozi ya pili ni baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24, na zamu itakuwa imebadilika. Mara nyingi anayefanya hayo ni muuguzi wa cheti. Katika hesabu hiyo hakuna nafasi ya kukosea, na hakuna mtu wa kumwuliza.

Kwa hiyo sisemi hesabu na sayansi hazina maana. Mtu asiyeweza kuzidisha 3 kwa 12 saa nane za usiku asikaribie wodi, hata kama ana digrii mbili. Ninachosema ni kwamba karatasi ya S.6 haipimi hilo. Inapima jinsi kijana wa miaka 18 alivyojibu maswali katika wiki chache za Novemba, akitoka shule ambayo pengine kemia ilifundishwa ubaoni na maabara ilikuwa ghala la madawati mabovu. Serikali yenyewe inalijua hilo. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 za kuingilia, kwa sababu wakubwa walikubali kwamba alama inabeba pia historia ya aliyeipata. Kama pointi 1.5 si aibu kwa binti anayeingia Makerere, kwa nini cheti kiwe aibu kwa binti anayeingia Kuluva?

Na historia yetu sisi ni nzito. Oktoba 1980, baada ya mapigano kuanzia Koboko, watu wa West Nile walivuka mpaka kwa maelfu kuingia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, hapahapa Ayivu, waliuawa na askari. Wapo waliosoma madarasa ya kwanza kwa Kifaransa upande wa Aru, Zaire, wengine kwa Kiarabu kule Sudan, wakarudi kuanza upya kwa Kiingereza wakiwa na ndevu. Kizazi hicho kimetoa walimu, makarani na wauguzi. Hakuna aliyefika alipofika kwa kufaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja bila kukatizwa. Leo kizazi hichohicho ndicho kinachomwambia mtoto kwamba D na E zimefunga mlango!

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo imani hii inapouma.

Familia inapouza shamba ili mtoto aanze digrii ya miaka minne, kwa kawaida shamba linalipa mwaka wa kwanza na kipande cha wa pili. Watu huhesabu karo peke yake. Hawahesabu ada za uendeshaji, sare, usajili kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga, chumba cha kupanga Kampala, nauli ya basi, na miezi ya mafunzo wodini ambapo mwanafunzi hawezi hata kuuza chapati jioni kwa sababu ana zamu. Mpango wa serikali wa mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2014, upo, na masomo ya sayansi ndiyo yanayopewa kipaumbele. Asiyeomba anajinyima mwenyewe. Lakini mkopo huo unalipa chuo. Chakula na malazi ni juu yako, na waombaji siku zote ni wengi kuliko fedha. Aliyepanga kuomba mkopo baada ya shamba kuisha amepanga kuomba akiwa tayari amesimamishwa masomo.

Halafu linakuja tumaini la pili, nalo ni la hatari zaidi: ataanza kozi yoyote inayompokea kwa alama zake, kisha mwaka wa pili atahamia uuguzi. Wako mawakala wanaoishi kwa kuuza tumaini hili, wanatembea na barua za kupokelewa kama watu wanaouza vocha za simu. Chuo kikiridhika kinaweza kukuhesabia masomo ya darasani: stadi za mawasiliano, labda kompyuta, labda anatomia kama iliyofundishwa inalingana. Saa za wodini hazihamishiki kutoka mahali ambapo hukuzifanya. Huwezi kuhamisha akina mama uliowasaidia kujifungua kama hukuwasaidia. Mtu anayetoka mwaka wa pili wa kozi nyingine akaingia uuguzi mara nyingi anaanzia karibu na mwanzo, akiwa ameshatumia nusu ya fedha zake. Na kama programu aliyoingia haina kibali cha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, au Baraza la Wauguzi haliitambui, basi hata akivaa joho hana leseni.

Kinachohamishika kweli ni ule ujuzi ambao kikao kiliudharau. Cheti huchukua miaka miwili na nusu. Baada yake mtu anasajiliwa, anapata leseni, anafanya kazi, analipwa. Akiwa na uzoefu anaingia diploma ya nyongeza, takriban mwaka mmoja na nusu. Na mwenye diploma anapoomba digrii, hasimami tena mbele ya meza akiwa na zile D na E peke yake. Analeta usajili wa Baraza, diploma, na barua ya mkuu wa wodi anayejua kama huyu mtu hulala zamuni au halali. Cheti cha S.4, mwaka wa nne wa sekondari, bado watakitaka, na hilo wazazi walijue mapema: somo la msingi lililofeliwa S.4 lirekebishwe kwanza. Lakini S.6 iliyoharibika haimfuati tena kama deni.

Kinachonichekesha, kama si kunikasirisha, ni kwamba jambo hili tunalijua vizuri mradi liwe mbali. Waganda walioko Waltham, karibu na Boston, na Wakenya wa Minnesota, wengi waliingia kazi ya afya kwa mlango wa chini kabisa: kozi ya wiki chache, kisha kuwaogesha wazee na kubadilisha mashuka. Mmoja akishakusanya fedha anasoma uuguzi wa daraja la kwanza, baadaye la pili, na digrii anaifikia akiwa na watoto sekondari. Akipiga simu nyumbani tunasema amefanikiwa. Fedha hizohizo alizopata kwa kuanzia chini anazituma Arua ili mpwa wake asianzie chini.

Hata bila kupanda ndege, vuka tu mpaka wa Vurra. Kongo wauguzi wamehesabiwa kwa miongo kwa A2, A1 na A0, wa A2 akiwa ni wa ngazi ya sekondari. Mtu wa Aru anajua tofauti zao na anajua A2 anaweza kusoma awe A1. Hamwiti aliyeshindwa. Anamwita anapougua. Wakimbizi wa Kongo walioko Lobule, na wa Sudan Kusini walioko Rhino Camp na Bidibidi, wanakuja na vyeti vya shule za sekondari za kwao, na kazi yao ya kwanza ni kuvipeleka UNEB vilinganishwe. Nao wakisikia mwenyeji analia kwa sababu amepewa nafasi ya cheti, sijui wanatufikiriaje.

Sasa nijibiwe, na jibu lenye nguvu nalijua. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika nchi 9 za Ulaya. Kila asilimia 10 ya wauguzi wenye digrii iliyoongezeka hospitalini iliendana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 baada ya kulazwa. Digrii inaokoa watu. Sibishani na hilo. Ndiyo maana nataka binti wa Ayivu aifikie, asiishie nusu ya njia. Utafiti ule ulihesabu nani ana digrii. Haukuuliza aliingilia mlango gani.

Wengine watasema ngazi ni ndefu, na ni kweli. Ukijumlisha masomo na miaka ya kazi katikati, aliyeanza na miaka 19 anaweza kuishika digrii akiwa na 30. Kibaya ni kwamba ngazi yenyewe imelegea. Muuguzi wa kituo cha mbali akiomba ruhusa ya masomo anaambiwa hakuna wa kushika zamu yake. Akiondoka bila ruhusa, mshahara unakatika. Na kuna hoja ya siku nyingi ya kukifuta cheti na kuanzia diploma. Sawa, lakini anayeng'oa kidato cha chini cha ngazi kabla ya kupigilia kingine amewaacha wenye D na E chini, na vituo vya kata bila watu.

Dawa inajulikana na imeshajaribiwa. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilipoanza uuguzi Afrika Mashariki, hakikuanza na watoto waliotoka S.6. Kilianza na wauguzi waliokuwa kazini, kikapanga ratiba ili wasome bila kuacha mshahara. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Muni, cha umma, juu ya ardhi ya Ayivu yenyewe, chenye digrii ya uuguzi. Marehemu Profesa Christine Dranzoa alikilea tangu kilipoanza ili watoto wa huku wasilazimike kuvuka Nile kutafuta elimu. Kilio chetu kwa chuo hicho kisiwe kushusha alama za waliotoka S.6. Tudai nafasi zaidi kwa wenye diploma, na ratiba inayojua kwamba kuna watu duniani wanaotoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi.

Na kwa kuwa wanasiasa wetu wanapenda kugawa bursari, tuwashike hapo. Atakayekuja Ayivu Mashariki, Ayivu Magharibi au Koboko akiahidi kusomesha vijana, aulizwe kama fomu yake ina mahali pa muuguzi wa cheti mwenye miaka 28 na watoto wawili anayetaka diploma. Kama hapana, airudishe kwa mchapaji.